Bigirimana Aingia Engozi

Mimi ni katibu wa engozi ya kitongoji chetu hapa Mabira, mwaka wa kumi na moja sasa, na nimeandika majina mengi kwenye daftari lile. Wengine niliwaandika huku nimekunja uso, maana nilijua siku ya mvua wataikimbia machela, na kweli waliikimbia. Lakini hakuna jina lililonisumbua kama la Bigirimana. Tulikaa naye miaka tisa, hatukuwa na neno baya juu yake, na bado tulimkataa. Katika waliomkataa, mimi Costansia, mama yake Leonidas, nilikuwa wa mbele, kwa hiyo nisimulie mwenyewe kabla wengine hawajanisimulia.

Engozi ni machela ya kusuka, imefungwa kwenye miti miwili mirefu, inabebwa mabegani na watu wanne wanaopokezana. Chama chenyewe tunakiita kwa jina hilo hilo. Bodaboda zipo tele siku hizi, lakini mgonjwa asiyeweza kukaa humpakii kwenye pikipiki, na gari la wagonjwa likija linaishia barabarani, kule chini. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwako ni mabega ya watu. Hao hao ndio watakaokuchimbia kaburi, ndio watakaokaa na watoto wako kwenye msiba, na wake zao ndio watakaopika. Wakatoliki wamo, Walutheri tumo, hatuulizani. Mwaka juzi kijana mmoja aliniambia yeye haoni haja ya engozi kwa sababu ana bima. Nikamwambia bima haijawahi kumpandisha mtu kilima cha kwetu.

Bigirimana alitokea Nyakasimbi, ambako kwa miaka mingi alikuwa kibarua wa kulimia watu kahawa. Alinunua kwa Cleophace kipande cha mteremko ambacho Cleophace mwenyewe alikiona kama adhabu. Alikuja na mkewe Anonciata, na mama yake mzee, Uwiduhaye. Binti yao Ingabire anashona nguo Rubwera. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alikuja nalo. Alichimba mitaro ya kuzuia maji, akatandaza nyasi, akaleta samadi kichwani, ndoo baada ya ndoo, na mwaka wa tatu kile kipande kilikuwa kibanja chenye migomba ya kumtia mtu wivu. Cleophace alikuwa akipita pale anageuza shingo upande wa pili.

Bigirimana alizaliwa hapa hapa Kyerwa, kule Nkwenda. Aliyevuka kutoka Rwanda ni mama yake, akiwa binti mdogo, miaka ya sitini. Lakini watu walimwita yule Mnyarwanda, nami nilimwita hivyo hivyo, na sijisifu kwa hilo.

Alikuwa na jambo moja lililonikera. Hakuwahi kuomba kitu. Mimi nikiishiwa chumvi natuma mtu kwa Placidia, jirani yangu, na Placidia akikosa moto asubuhi anakuja kwangu na kigae chake, na tukikutana hapo tunawasema watu wote wa kitongoji mpaka maharage yanaungua. Ndivyo tunavyoishi. Bigirimana alikuja kwako kuleta, hakuja kuchukua. Mvua ikiezua paa lako, yupo juu ya nguzo kabla hujamwita. Ukimpa mkungu wa asante, kesho anakuletea miwili. Paa lake mwenyewe lilipoezuliwa, aliliezeka usiku huo huo peke yake, asubuhi tukaona bati zimegongwa, naye anapalilia. Nikasema moyoni, huyu bwana anatuona sisi ni watu gani?

Bibi Uwiduhaye ndiye aliyemsukuma aombe kuingia. Nilikuja kujua baadaye kwa nini. Mumewe alifia Nyakasimbi wakiwa hawana chama wala ukoo wa karibu, akabebwa na vibarua wanne waliookotwa sokoni. Wale watu walimbeba wakipiga soga zao, wakamshusha njiani mara mbili wakanunua sigara, na pale kaburini mmoja aliuliza marehemu alikuwa anaitwa nani. Bibi hakulisahau swali lile. Alikuwa amekwisha kuwa mwepesi kama unyoya, miguu imevimba, na kila jioni alimwambia mwanawe jambo moja: kwamba hataki kubebwa na watu wasiomjua jina.

Basi Bigirimana akaja kwangu, akaketi kwenye kigoda akiwa ameshika kofia, akaniuliza mtu anaingiaje engozi. Nikamweleza kwa haraka, maana nilikuwa naanika kahawa na wingu lilikuwa linakuja. Uwe umekaa kitongojini miaka miwili, wewe umepita. Uwe na wanachama wawili wa kukusemea. Utoke na machela mara tatu bila kutegea. Kisha siku ya mkutano unapitisha mwenyewe kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa ikakaushwa. Anayekukubali anachukua punje anatafuna. Asiyekukubali anasogeza kikapu kwa jirani. Wakisogeza zaidi ya watatu, hujaingia, na hakuna anayelazimika kutoa hotuba. Kiingilio ni kidogo tu, cha kununulia kamba.

Alisikiliza kama mtoto wa kipaimara. Kabla hajaondoka alikuwa amenisaidia kukusanya kahawa yote mkekani, na mvua ikanyesha tukiwa tumeshaiingiza kibandani. Sikumwomba.

Wa kumsemea aliwapata siku hiyo hiyo: Placidia, na Anastazi, ambaye kibanja chake kiko chini kidogo ya kwa Bigirimana na njia ya Bigirimana ya kushuka barabarani inapita mlangoni kwa Anastazi. Machela alitoka nayo si mara tatu, mara sita. Alibeba kwa nyuma wakati wa kupanda, mahali ambapo uzito wote unakuja begani, na hakukubali kupokewa. Wanaume wakimgusa waingie badala yake, anatikisa kichwa na kusonga mbele. Wengine walimsifu. Gaudiosus, ambaye si mtu wa maneno, alisema tu kwamba kutembea kando ya machela mikono mitupu kunachosha kuliko kuibeba. Hatukumwelewa.

Halafu akafa mzee Nolasco, baba yake Gaudiosus. Ilikuwa tuchimbe kaburi siku ya pili, saa mbili asubuhi, kama kawaida yetu. Mwenyekiti, mzee Ambrose, alipanga zamu, kila nyumba ilete jembe. Asubuhi wanaume wakafika na majembe yao, wakakuta kaburi limekwisha. Futi zake kamili, kona zimenyooka kama sanduku, udongo umewekwa upande mmoja vizuri, na Bigirimana amekaa juu ya kifusi anafuta jasho. Alikuwa ameanza kabla jua halijachomoza. Alitabasamu. Nafikiri ni mara ya kwanza kuona meno yake.

Hakuna aliyemjibu tabasamu. Sisi kaburi halichimbwi na mtu mmoja. Kila nyumba inatia jembe, hata kama ni mara tatu tu, hata mzee anayetetemeka anashikwa mkono akatia lake. Ndiyo maana ya kuja. Nolasco alikuwa ametia jembe kwenye makaburi ya baba zetu wote. Sasa wanaume thelathini walikuwa wamesimama pale hawana la kumfanyia. Gaudiosus aliangalia lile shimo, machozi yakamlenga, akaondoka. Shemeji yake, mtu wa mjini asiyejua mambo yetu, akaingiza mkono mfukoni akamletea Bigirimana ujira.

Mzee Ambrose aliokoa alichoweza. Aliwaambia wanaume wateremke mmoja mmoja wapanue ukuta wa kushoto kwa kiganja kimoja. Wakafanya. Kaburi likawa pana mno kwa jeneza, na Nolasco alizikwa kama mtu aliyepewa kitanda cha wageni. Na mimi, kule jikoni kwenye msiba, nikageuza mwiko kwenye sufuria na kusema kwa sauti ambayo watu waliisikia, kwamba baba yetu Nolasco amechimbiwa na kibarua. Anonciata alikuwa anamenya ndizi hatua tatu kutoka kwangu. Hakuinua kichwa. Neno likishatoka halirudi.

Mkutano ulikuwa wiki mbili baadaye. Bigirimana alivaa koti, akapitisha kikapu mwenyewe, akiinama kidogo mbele ya kila mtu. Placidia alichukua. Anastazi alichukua. Gaudiosus alisogeza. Kikaja kwangu. Nikaangalia ile mikono yake iliyopasuka, nikasogeza. Waliosogeza walikuwa kumi na mmoja.

Mzee Ambrose angeweza kunyamaza, sheria inamruhusu. Lakini alimwita mbele, akamwambia akae, akamuuliza taratibu kwamba kwa miaka hii tisa, katika hawa walioketi hapa, ni nani ambaye yeye amewahi kumwita nyumbani kwake kwa shida. Bigirimana akafikiri. Akasema hakuna, hajawahi kumsumbua mtu. Alilisema akiwa amenyoosha mgongo, kama mtu anayetaja sifa.

"Ndiyo shida yenyewe, mwanangu," akasema Ambrose. "Kubeba unajua kutushinda sote. Lakini engozi ina ncha mbili. Mtu asiyewahi kubebwa, sisi tutaijuaje njia ya kwake?"

Bigirimana aliuliza afanye nini sasa. Ambrose akamwambia hakuna cha kufanya, ndiyo ugumu wake. Akachukua kikapu chake, akatuaga mmoja mmoja kwa heshima, akaenda zake. Kahawa iliyobaki humo ilikuwa nyingi.

Siku ya nne nilikuwa nafagia uwanja nikamwona Bibi Uwiduhaye anapanda njia ya kwangu na fimbo yake. Hatua mbili, anapumzika; hatua mbili, anapumzika. Hakuwa amewahi kufika kwangu hata mara moja. Nikamwamkia shikamoo, nikamtandikia mkeka, nikamletea maji. Alikunywa, akatazama migomba yangu, akasifu. Halafu akasema amekuja kuomba chumvi.

Niliifunga kwenye jani la mgomba nikampa. Aliishika mapajani, hakunyanyuka.

"Mwanangu hajui kuomba," akaniambia. "Mimi ndiye niliyemkataza. Alipokuwa mdogo, dada yake alimtuma kuomba chumvi kwa jirani. Mwenye nyumba akamuuliza, kwenu wapi? Kwa nini hamrudi kwenu mkapate chumvi? Akarudi analia. Nikamwambia, kuanzia leo usiombe. Ukiomba watakuuliza ulikotoka. Wewe toa tu, anayetoa hafukuzwi. Alikuwa na miaka saba, mama. Ameshika mpaka leo."

Niliona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu mimi sikumuuliza Bigirimana alikotoka, lakini nilichosema jikoni kwa Nolasco ni ndugu wa swali lile. Nilimsindikiza bibi mpaka kwao, tukiwa tumeshikana mikono, na ilituchukua karibu saa nzima. Njiani aliniambia hamwombei mwanawe nafasi. Anachoomba yeye ni chumvi, na alitaka nijue kwamba ameiomba.

Sasa sikiliza huyo mwanawe. Kesho yake asubuhi alikuja na pakiti mbili za chumvi kutoka dukani, mpya, akaninyooshea kwa mikono miwili. Hasira zikanipanda upya. Nikamwambia Baba Ingabire, chumvi hairudishwi, nani alikufundisha tabia hii? Akasema mama yake alinisumbua. Nikamwambia arudi nazo, na asinikanyagie uwanja mpaka siku atakayokuwa na shida ambayo haiuzwi dukani. Placidia alisikia kutoka kwake akaja kuniuliza ninamgombeza nani. Baadaye niliujutia ukali wangu, lakini maneno yenyewe siyajutii.

Masika yakaingia. Ijumaa moja mchana, mvua imekatika kidogo na njia zote zimekuwa utelezi, Bibi Uwiduhaye alizidiwa. Pumzi ilikuwa inakwama. Yaliyotokea ndani nimesimuliwa na Anonciata. Alimwambia mumewe apige yowe watu waje, yeye akasema hapana, watu wana kazi zao. Akachukua kitenge akamfunga mama yake mgongoni, vile vile ambavyo mtoto hubebwa, akatoka naye kwenda kuitafuta barabara. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, na mama yake mgongoni, kwenye tope lile.

Aliteleza hatua chache kabla ya kufika kwa Anastazi. Hakuanguka; alipiga goti moja chini akashika mgomba. Akajaribu kusimama, goti likakataa. Bibi hakulalamika, alikuwa anapumua tu kwa kukoroma, mdomo wake sikioni mwa mwanawe. Anonciata anasema walikaa hivyo kwa muda ambao yeye aliona ni mwaka. Mwenyewe alikuwa tayari kupiga yowe, na kabla ya yowe ampige mumewe kofi.

Ndipo tuliposikia. Mimi nilikuwa kibandani. Yowe la kitongoji chetu nalijua, kila nyumba na sauti yake, lakini hili sikulijua. Lilikuwa limekatika katikati, kama la mtu anayejifunza. Kisha likaja la pili, refu, na ndani yake maneno: "Jamani, nisaidieni! Mama amenishinda!"

Nilitupa uteo chini, nikakimbia. Sijakimbia hivyo tangu nijifungue mtoto wangu wa mwisho. Anastazi alifika wa kwanza kwa kuwa ni mlangoni kwake. Wakati mimi nafika, engozi ilikuwa imeshatolewa nyumbani kwa Ambrose, na Gaudiosus alikuwa anafungua kitenge mgongoni mwa Bigirimana, taratibu, akimwambia bibi pole, pole mama, tumekuja. Walikuwa watu ishirini na zaidi. Katika wale kumi na mmoja waliosogeza kikapu sikuona aliyekosekana.

Walipomlaza bibi, Bigirimana akaenda kwenye ncha ya nyuma, mahali pake. Mzee Ambrose akamzuia kwa mkono kifuani. Kwetu mwana wa mgonjwa habebi. Anatembea nyuma, mikono mitupu. Bigirimana alimwangalia kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Lakini akatii. Wakaondoka, nikatembea naye. Hakujua mikono aiweke wapi. Aliishika mbele, akaishika nyuma, mwishowe akaikumbatia kifuani kama mwenye baridi. Mbele yetu bibi alikuwa akiuliza kwa sauti ndogo, kila walipopokezana, huyu ni nani, na huyu ni nani. Kila mtu alitaja jina lake na la baba yake. Naye alilirudia.

Jioni ile niliandika jina la Bigirimana kwenye daftari. Hatukupitisha kikapu tena. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nimeandika, akaniuliza kama nilifikiri atanizuia. Kisha nilikwenda kwa Anonciata, nikapiga magoti jikoni kwake, nikamwomba radhi kwa neno la siku ile. Aliniacha nimalize, akanipa ndizi za kumenya. Hakuniambia amenisamehe, lakini tulimenya pamoja mpaka zikaisha.

Kwenye kituo cha afya walimpa bibi dawa, akarudi baada ya siku tisa, kwa engozi, akiwa amekaa. Aliishi miezi saba mingine. Alifariki msimu wa senene, mchana, akiwa mkekani uani, na yowe la Bigirimana safari hii tulilitambua mara moja.

Wanaume walikuja kesho yake saa mbili na majembe. Bigirimana alikuwa amekaa mkekani na wafiwa, kwenye nyasi, na kila jembe lilipogonga jiwe alikuwa anataka kunyanyuka. Mara mbili Gaudiosus alimkalisha. Nilipomletea chai aliniangalia kwa macho makavu, yaliyochoka.

"Mama Leonidas," akaniambia, "nipeni kazi. Sijui kukaa hivi."

"Kazi yako leo ni kulia," nikamjibu. "Hiyo hatuwezi kukupokea."

Aliweka kikombe chini. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akalia, kwa sauti, kama mtoto wa miaka saba. Kule kaburini walimsikia. Nikaona mzee Ambrose anawaashiria wachimbaji wapunguze mwendo, na wanaume wakachimba polepole, kwa makusudi, ili apate muda wa kutosha.